Nihari yako imekuwa uji

Mombasa, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Picha ya sufuria yako ya nihari, ule mchuzi mzito wa nyama wa Kipakistani, nimeiona, na ule ujumbe wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili pamoja na mamako. Amecheka mpaka akashika mbavu. Usikasirike, ananicheka mimi. Mwaka 1990, nimerudi kutoka Karachi na shahada yangu, niliwapikia wakwe nihari, nikamwaga unga mkavu ndani ya mchuzi unaotokota. Ukatoka madonge kama kaimati. Babu yako, kwa adabu zake, alimaliza bakuli zima, kisha akauliza kama huko kwao hupewa wagonjwa.

Basi kosa lako la unga umelirithi.

Chukua unga wa ata, ule wa ngano isiyokobolewa, vijiko vinne vya kulia, uukaange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka unukie kama njugu. Ukipoa, uvuruge kwa kikombe cha maji baridi, uuchuje kwa kichungi cha chai. Mkono mmoja umimine, wembamba kama uzi, mkono wa pili ukoroge, na simu ikilia iache ilie. Halafu nusu saa nyingine kwa moto wa chini, ladha ya unga mbichi itoke. Chovya upawa: mchuzi uushike mgongo wake na bado utiririke. Ukiganda hapo, ongeza maji ya moto.

Lakini mama, hata unga ungekaa sawa, ile nyama uliyonunua haikuwa yake. Steki haina kano, na kano ndizo zinazoyeyuka zikaupa mchuzi ule unato wa kubandika midomo. Hapo Birmingham mabucha ya Wapakistani hayakosekani. Mwambie muuza nyama akupe *bong*, ndiyo nyama ya muundi, kilo moja, vipande vikubwa kama ngumi, na *nalli*, mifupa yenye uboho, nusu kilo. Atakutazama mara mbili, kisha atakuchagulia vizuri.

Mimi nilifunzwa na mama mmoja mzee, jirani ya chumba tulichopanga wanafunzi watatu wa Pwani. Tulimwita Khala, yaani dada ya mama, kama alivyoitwa na mtaa mzima, na kwetu sisi tuliokua na makhalati halikuwa neno geni. Alizaliwa Dilli, yaani Delhi, akaletwa Karachi angali mtoto mwaka 1947, India ilipogawanywa. Watu wa Dilli ndio waliohamia na chakula hiki. Hadi leo Burns Road, mtaa wa Karachi, kuna maduka yanayoishi kwa nihari. Khala aliinjika baada ya isha, akakandika mdomo wa chungu kwa kinyunya cha unga mvuke usipate pa kutokea, akalala. Baada ya sala ya alfajiri alikibandua kile kinyunya kwa kisu, na harufu ikatuamsha sisi wavivu ukuta wa pili. Jina la nihari lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, *nahar*, yaani mchana, ile nahari ya wazee wetu waliosema leli na nahari. Ni chakula cha kufungulia siku, kama wanaume wa huku na supu yao ya mifupa.

Wewe huna haja ya usiku kucha. Saa sita zatosha, maji lita mbili na nusu, moto uwe wa kutoa povu moja moja. Sufuria ya presha ya mamako iache kwa maharagwe.

Viungo saga mwenyewe. Shamari ndiyo iongoze, vijiko viwili vya kulia. Wengi huifanyia uchoyo, ikawa mchuzi wa kawaida tu. Kisha bizari nyembamba na giligilani kijiko kimoja kimoja, tangawizi kavu kijiko cha chai, iliki, karafuu chache, mdalasini, pilipili manga, kungumanga na basibasi kidogo. Khala alitia pia pilipili ile ndefu waiitayo *pipli*; ukiipata, vijiti vitatu. Kaanga nyama kwa samli na kitunguu thomu, tia viungo na pilipili nyekundu ya unga, kisha maji.

Jambo nililosahau kukwambia kwenye simu: kabla ya kutia unga, engua yale mafuta mekundu yaliyoelea juu, uyaweke kando. Huitwa *tari*. Unayarudisha wakati wa kupakua, juu ya bakuli, pamoja na tangawizi mbichi iliyokatwa nyuzi nyuzi, pilipili mbichi, kotmiri na ndimu. Ukiyaacha ndani, unga utayanywa yote, na ndiyo maana picha yako ilikuwa na rangi ya kijivu.

Ukipata ya kupendeza, bakuli moja liweke kwenye friza. Nakuja Desemba, inshallah, na mamako ameapa kuja kuonja pia. Mkate wa naan nunua tu.

Ndimi babako