Wajukuu zangu wa Newala mlioko Dar es Salaam

Mlipokuja msibani Septemba, niliwachemshia ming'oko, viazi vyetu vya porini. Watoto wenu waliitazama kwenye ungo wakauliza ni mizizi ya nini, na hakuna mzazi aliyewajibu. Sikulala vizuri usiku ule.

Nilikuwa na miaka sita hivi bibi yangu aliponipeleka kuchimba. Hakunionyesha kiazi. Alinionyesha kamba yake, ile nyembamba inayojisokota kichakani, majani yamekwisha kukauka. Unaifuata kwa vidole taratibu hadi inapozama ardhini; ukiivuta inakatika, na hapo umepoteza njia. Alichukua viazi akaacha kichwa, pale kamba inapoanzia, akarudishia udongo. Kiangazi kilichofuata tulirudi pale pale.

Ndiga, kiazi kingine cha porini, msiiguse bila mjuzi, hata kama simu imewaonyesha picha yake. Ina sumu. Mwaka wa njaa tuliikata vipande vyembamba tukailoweka siku kadhaa, tukibadilisha maji, na maji yenyewe yalibebwa kichwani kutoka bondeni, maana juu huku hakuna mto. Bibi alikula kwanza. Sisi tulisubiri hadi kesho yake.

Jioni kila nyumba ilitoa chakula. Wanaume walikula barazani kwa pamoja, sisi na mama zetu uani, ugali wa muhogo na kisamvu, watoto wote sinia moja. Jirani yetu mmoja alikuwa mjane. Siku asizokuwa na unga alileta ming'oko yake na chumvi, akaiweka katikati kama wengine walivyoweka vyao, na wanawe wakala ugali wetu. Hakuna aliyehesabu. Nikiwa mtoto nilidhani analeta kwa sababu sisi tunaipenda.

Sasa kichaka cha mbele kimefyekwa, wamepanda mikorosho. Siilaumu mikorosho, ndiyo iliyowasomesha. Ila nyinyi wenye mashamba huku, mnapompigia simu msimamizi kuhusu palizi, mwambieni aache ukingo mmoja wa pori. Na wanaochimba kwa kuuza wakumbusheni kuacha kichwa.

Msingoje msiba mwingine. Njooni Juni, shule zikifungwa, mkae wiki nzima. Miguu yangu bado inafika kichaka cha nyuma ya shule. Kamba moja nimeshaiona na sitaichimba, wataifuata watoto wenyewe.

Bibi yenu,
Newala