Virusi 13 Kwenye Risiti Yenu

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Tawi la Kariakoo,
Dar es Salaam.

Yah: KUDHALILISHWA KAUNTANI, KUFUTIWA SIMU BILA RIDHAA NA KUTOZWA SH. 55,000

Ndugu Meneja,

Salaam. Barua hii nimeiandika mara tatu. Mbili za kwanza nilizichana kwa sababu hazikuwa na adabu, nami nimefundisha watoto wa watu adabu na hisabati kwa miaka 31. Hii ya tatu nitajitahidi.

Simu ni ile niliyonunua kwenu Novemba. Masharti ya waranti mnayajua, mmeyabandika wenyewe ukutani nyuma ya keshia, sina haja ya kuwasomea.

Mwishoni mwa Januari, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, nilikuwa namtafutia mjukuu wangu matokeo yake. Badala ya kuingia tovuti ya Baraza la Mitihani, nikafuata kiungo kilichorushwa kwenye grupu la familia. Ukurasa ukaniambia: bonyeza Ruhusu uone matokeo. Nikabonyeza. Matokeo sikuyaona, ila tangu usiku ule simu haikunyamaza. "Simu yako ina virusi 13! Safisha sasa!" Asubuhi virusi, mchana umejishindia gari, usiku picha za wasichana waliovaa nusu. Kosa la kubonyeza ni langu, silikatai.

Lakini "Safisha sasa" sikuigusa. Niliingia Play Store, nikafungua Play Protect, ile kinga ya Google inayokagua programu za simu, nikaiamuru ichanganue simu nzima. Ikasema haijaona programu yoyote yenye madhara. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa: huku naambiwa virusi 13, huku naambiwa hakuna. Nikapanda daladala kutoka Mbagala kuja kwenu, nikiamini muuzaji wa simu anaijua simu kuliko mnunuzi.

Kijana wenu wa ufundi hakunisalimia. Sawa, shikamoo siku hizi haidaiwi. Aliichukua simu, na wakati ameishika likaingia tangazo moja la yale ya usiku. Akalitazama, akanitazama, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Bibi, na wewe usiku unaangalia haya mambo? Ndiyo maana una virusi." Watu wakacheka. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni yenye watu tisa, nikiwa na miaka 64.

Sikujibu. Nilitoa ile namba ya siri ya kufungulia simu aliyoniomba, akaiandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya gundi, akaibandika mgongoni mwa simu na kuiacha juu ya kaunta pamoja na simu za wengine, kila moja na namba yake mgongoni kama mitumba iliyowekewa bei. Je, huo ndio utaratibu wenu wa kutunza taarifa za wateja? Nauliza kwa sababu nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ina Tume ya kuisimamia.

Niliporudi saa tisa alasiri simu ilikuwa mpya kama siku ya kwanza. Maana yake ilikuwa imefutwa. Picha hakuna, ujumbe hakuna, namba za watu hakuna. Hakuna aliyeniuliza kama nina nakala rudufu. Hakuna aliyenionyesha karatasi ya kusaini. Simu ikadai akaunti ya Google iliyokuwamo kabla ya kufutwa, nywila nikawa siikumbuki kwa mshtuko, kijana akasema kuiondoa hiyo ni Sh. 20,000 nyingine. Yaani mtu anakufungia mlango, kisha anakuuzia ufunguo. Nikalipa, juu ya zile 35,000 za mwanzo.

Sasa naomba, ndugu Meneja, uichukue nakala ya risiti niliyoambatanisha na usome kwa utulivu mstari wa kwanza. Imeandikwa: "Kuondoa virusi 13, 35,000/=". Kumi na tatu! Fundi wenu aliitoa wapi idadi hiyo? Aliitoa kwenye tangazo la matapeli. Ukurasa wa tovuti hauwezi kuchungulia ndani ya simu ukahesabu virusi. Ile 13 waliitunga tu ili mtu aogope na kubonyeza. Kampuni yenye cheti ukutani ikaichukua namba ya matapeli, ikaigonga muhuri, ikanilipisha. Mwanafunzi wangu wa darasa la nne angenijibu hivyo ningemtaka aonyeshe njia.

Nimejuaje? Dada yangu wa Morogoro alifuata kiungo kile kile, akapata balaa lile lile, virusi vilevile 13. Mwanawe, kijana anayeuza vocha stendi, alimwelekeza mamaye kwa simu: fungua Chrome, gusa vitone vitatu, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa. Ile tovuti ya matokeo ya uongo ilikuwa imekaa pale kwenye orodha ya zilizoruhusiwa. Akaizuia, akafuta data ya kuvinjari, basi. Hata chai haikupoa. Hakufuta picha hata moja wala hakutoza hata mia. Ile Ruhusu niliyobonyeza, iliyoipa tovuti ile kibali cha kunitumia arifa, ndiyo ilikuwa ugonjwa wote.

Na ya kwangu haikuishia hapo, maana kijana wenu alikuwa ameniwekea zawadi: programu ya "kusafisha simu" ambayo sikuiomba. Baada ya siku mbili matangazo yakaanza upya, safari hii hata nikichomeka chaja tu, bila kufungua Chrome. Nilipotaka kuifuta ikagoma. Ni yule yule muuza vocha aliyeniambia niiwashe simu katika hali salama, ambamo programu za kuongezwa hulala, niivue kwanza haki ya usimamizi wa kifaa iliyopewa, ndipo niifute. Ikatoka, na tangu siku hiyo simu imetulia. Kwa hiyo simu yangu iliingia kwenu ikiwa na ruhusa moja mbaya, ikatoka ikiwa na programu mbaya.

Narudi pale kauntani, kwa sababu naona nimepita haraka, na ninyi mnaweza mkasoma haraka vilevile. Aliinua simu. Hilo sikulisema. Aliigeuza kioo kikiwa upande wa foleni, juu kidogo ya kichwa chake, kama mtu anayenadi samaki. "Bibi, na wewe usiku unaangalia haya mambo?" Keshia wenu alicheka hadi akaziba mdomo kwa kiganja. Na mama mmoja mwenye kitenge cha kijani, wa tatu nyuma yangu, akageuka kutazama ni bibi gani huyo. Tukatazamana. Ni mwanachama mwenzangu wa kikoba.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba hicho. Tuko 22. Kila baada ya kikao hupiga picha kurasa zote za daftari, nani kaweka, nani kakopa, nani karejesha, kisha daftari linabaki kwa katibu. Picha za tangu Novemba zilikuwa kwenye simu mliyoifuta. Jumamosi iliyofuata nikaingia kikaoni sina kumbukumbu hata moja, na habari ya "mambo ya bibi" imeshafika kabla yangu. Hakuna aliyenituhumu kwa mdomo. Wamependekeza tu kwamba kuanzia sasa hesabu zishikwe na wawili. Kwa miaka sita zilishikwa na mmoja.

Mwanzoni nilikusudia kudai fedha yangu tu, Sh. 55,000, na nauli. Bado naidai. Lakini nikiandika naona haitoshi. Nataka barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako, inayosema wazi kwamba picha zile zilikuwa matangazo ya matapeli yaliyojileta yenyewe na kwamba fundi wenu alikosea. Barua hiyo isiletwe kwangu. Iletwe kikaoni kwetu, Jumamosi saa kumi, na yule kijana aisome mwenyewe kwa sauti ile ile aliyoitumia Kariakoo. Pia nataka maelezo ya maandishi: ile karatasi yenye namba yangu ya siri ilikwenda wapi, na ni nani aliyeona picha zangu kabla hazijafutwa.

Kama fundi ana njia ya kuzirejesha picha za daftari, azirejeshe. Kama hana, nibadilishieni simu, kwa sababu hii kila nikiishika namwona yeye.

Nawapa siku 14. Baada ya hapo barua hii na risiti yake zitakwenda Tume ya Ushindani, FCC, na nakala Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nimestaafu, asubuhi zangu zote ni za kupanga foleni kwenye ofisi za watu.

Nimeitazama tena risiti wakati naikunja kuiweka kwenye bahasha. Imeandikwa kwa mkono. Haikutoka kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Basi TRA, Mamlaka ya Mapato, nao watapenda kuiona, na zile siku 14 zimekuwa 7.

Majibu yaje kwa barua yenye muhuri. Msinitumie ujumbe wenye kiungo cha kubonyeza, sitaufungua.

Wenu,

(sahihi)
Mwalimu mstaafu na mweka hazina,
Mbagala, Dar es Salaam.

Viambatanisho: nakala ya risiti ya 35,000/=, nakala ya risiti ya 20,000/=, na picha ya tangazo la "virusi 13" kutoka simu ya dada yangu, ili mlinganishe wenyewe.