Kabla hujapanda treni Jumapili

Asalaam aleikum mwanangu,

Nakuandikia ukiwa bado huko Likoni kwa shangazi yako, manake kwa mdomo tutakasirikiana tu. Tangu uniambie kwenye hiyo kazi yenu umeshika programu, hesabu za pesa na barua za wafadhili, zote wewe, usingizi umenipaa. Kwani wenzako watatu wanafanya nini? Usinijibu "mimi nafanya haraka kuliko wao", hilo nalijua, nalisema mpaka wazee wa msikitini washachoka nami, lakini si jibu.

Miaka yote nilofundisha uchumi nilikuwa naandika ubaoni hesabu ya mwanauchumi Ricardo ya 1817. Ureno kitambaa chataka watu 90 kwa mwaka, mvinyo 80. Uingereza kitambaa 100, mvinyo 120. Mreno ashinda kotekote na bado yamfaa akazane na mvinyo, anakoshinda kwa mbali zaidi, kitambaa anunue, kwa sababu kila mtu anomweka kwenye kitambaa amemtoa kwenye mvinyo. Watoto walinakili, wakapasi, basi.

Mimi mwenyewe imenikaa vizuri juzijuzi hapa jikoni. Unga wa mahamri mamako aukanda nusu saa, jirani saa moja unusu. Kukaanga, mamako dakika 40, jirani 50. Alipokuwa akifanya yote peke yake wateja walikuwa wakiondoka mikono mitupu. Sa hii jirani yuko kwenye karai, mamako ana unga na iliki mpaka viwikoni, na saa kumi na mbili unusu beseni limejaa.

Sasa wewe ukikaa na risiti, programu ataandika nani? Yule binti wa hesabu hata akichukua siku mbili kwa yako moja, mwachie. Na akija mtu wa programu anokushinda mbali, piga hesabu upya, usione haya kuhama.

Mimi nilifundisha, nikapanga ratiba, nikashika timu ya mpira na maktaba juu, walinisifu sana. Nikirudi nyumbani ushalala. Hayo tuyaache.

Nauliza tena, wenzako wanafanya nini? Nipigie leo uniambie umeachia lipi.

Miritini ufike mapema, foleni ya kukagua mizigo ni ndefu. Mamako amekufungia achari ya maembe, usiiweke karibu na laptopu. Na ufunguo wa stoo uliuweka wapi? Mtungi wa gesi uko mle ndani.

Babako