Bloki za Michoro Zianzie Leya Sifuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linaloonekana kuwa la wachora ramani peke yao, ingawa madhara yake humfikia fundi aliyeko eneo la ujenzi akiwa ameshika nakala ya A3 iliyotolewa kivuli. Nakusudia jinsi tunavyopanga leya (matabaka ya mchoro yanayoweza kuwashwa au kuzimwa), rangi na aina za mistari tunapotengeneza bloki, yaani michoro midogo ya milango, madirisha, vitanda na mabeseni ambayo huchorwa mara moja, ikahifadhiwa, kisha ikaingizwa mara mamia katika ramani za watu wengine.

Nimechora majengo kwa AutoCAD, programu ya kompyuta ya kuchorea ramani, kwa miaka 14. Mwaka jana tulipokea faili la nyumba ya ghorofa moja ambalo lilikuwa limepita katika mikono kadhaa kabla ya kutufikia. Mhandisi wa miundo alizima leya ya samani ili apange boriti zake juu ya ramani tupu. Meza zikaondoka, vitanda vikabaki. Alipoibadilisha leya ya milango iwe ya kijivu, nusu ya milango ilitii na nusu ikabaki nyekundu, na kwa kuwa unene wa mistari yetu wakati wa kuchapa hupangwa kufuata rangi, milango hiyo ilitoka kwenye karatasi ikiwa minene kuliko kuta. Mstari wa vipande vipande unaoonyesha kabati za juu jikoni ulitoka ukiwa mzima, na fundi akatupigia simu kuuliza kama pale ajenge kijukuta. Namshukuru sana kwa kuuliza.

Hakuna kati ya makosa hayo lililozaliwa katika ramani ile. Yote yalikuja yakiwa ndani ya bloki, na aliyezitengeneza hakuyaona, kwa sababu katika faili lake mwenyewe kila kitu kilionekana sawasawa.

Programu hii ina leya moja ambayo haifutiki wala haibadilishwi jina, nayo ni leya 0. Kitu kilichochorwa juu ya leya hiyo, kisha kikawekwa ndani ya bloki kikiwa na rangi na aina ya mstari ya kufuata leya, huchukua sura ya leya ambamo bloki inaingizwa. Mlango uliotengenezwa hivyo ukiuweka katika leya ya milango utakuwa na rangi ya leya hiyo. Leya ikizimwa nao utazimika, na ikibadilishwa nao utabadilika. Kinyume chake, kitu kilichochorwa juu ya leya nyingine yoyote hubaki na leya yake popote kinapokwenda. Ndiyo maana vitanda vile vilibaki: viliingizwa katika leya ya samani, lakini mistari yake ilikuwa katika leya nyingine iliyotoka kwenye faili la mtu tusiyemjua. Mhandisi angeigandisha leya ya samani, ambayo ni njia nyingine ya kuificha, badala ya kuizima, vitanda vingetoweka pamoja na meza, maana kugandisha leya iliyobeba bloki huificha bloki nzima. Wengi wamejifunza mbinu hiyo wakadhani wametibu ugonjwa. Leya ile ngeni bado imo kwenye faili, na hata ukiagiza leya zisizotumika ziondolewe, haitaondoka maadamu bloki inaitumia.

Kuhusu rangi zipo njia tatu, na wanafunzi wengi hufundishwa moja tu. Kuna rangi iliyopachikwa moja kwa moja, kama nyekundu ya milango yetu, ambayo haisikii amri ya leya wala ya bloki. Kuna ya kufuata leya niliyoieleza. Ya tatu ni ya kufuata bloki, ambayo huipa bloki nzima rangi inayochaguliwa na mwingizaji wake. Asipochagua rangi ya pekee, bloki hufuata leya yake kama kawaida. Njia hii hufaa sana katika ramani za ukarabati, pale unapotaka mlango mmoja wa kubomolewa uonekane tofauti na wenzake bila kuuhamisha leya. Ukijaribu hivyo kwa mlango uliotengenezwa kwa kufuata leya, rangi unayoipa bloki haitafanya lolote. Wanaoanza huiogopa njia ya kufuata bloki kwa kuwa wakati wa kuchora kila kitu huonekana cheupe au cheusi na chenye mstari mzima, wakadhani wameharibu. Hawajaharibu, sura hujitokeza bloki inapoingizwa.

Sisemi kwamba rangi iliyopachikwa ni haramu. Nembo ya kampuni katika fremu ya karatasi inapaswa kubaki na rangi zake. Vilevile mlango unaweza kuwa na ubao wake juu ya leya 0 na tao la kufungukia juu ya leya yake maalumu, ili tao hilo lizimwe katika ramani ya dari. Ninachokataa ni rangi au leya iliyoingia kwa bahati, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imewashwa siku hiyo.

Aina za mistari ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa juu ya rangi na leya kuna kipimo, yaani namba inayozidisha urefu wa vipande na mapengo ya mstari. Mstari wa vitu vilivyofichika katika orodha ya vipimo vya milimita una kipande cha milimita 6.35 na pengo la milimita 3.175. Nyumba ikichorwa kwa milimita halisi na kuchapwa kwa skeli ya 1:100, bila kurekebisha kipimo cha mistari cha faili zima, kipande hicho hutoka kikiwa na milimita 0.0635 kwenye karatasi, na jicho huona mstari mzima. Mchoraji mwenye haraka huitatua shida hiyo kwa kupachika kipimo cha 50 kwenye mistari iliyo ndani ya bloki. Kwake inapendeza. Bloki hiyo ikifika katika faili ambalo kipimo chake cha jumla ni 100, vipimo viwili vinazidishana kuwa 5,000, kipande kimoja kinakuwa na urefu wa karibu mita 32, na kwa kuwa hakuna kabati la jikoni lenye urefu huo, mstari unachorwa mzima tena. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa swali la kijukuta. Mstari ndani ya bloki ubaki na kipimo cha 1, na marekebisho yafanywe katika faili linaloipokea.

Kwa bloki ambazo tayari zimeharibika, tangu toleo la 2008 ipo amri ya SETBYLAYER, ambayo huviondolea vitu rangi na mistari iliyopachikwa, hata ndani ya bloki ukiiruhusu. Nawatahadharisha wenzangu wasome maswali yake kabla ya kujibu, kwa sababu mojawapo huuliza kama vitu vya kufuata bloki navyo vigeuzwe, na jibu la ndiyo hubomoa bloki zilizokuwa nzima. Tena amri hiyo haihamishi vitu kwenda leya 0. Kazi hiyo lazima uingie ndani ya bloki uifanye mwenyewe.

Ombi langu ni kwa walimu wa vyuo vya ufundi na kwa wakuu wa ofisi za usanifu. Mwanafunzi asipewe alama za bloki kwa sababu tu inafanana na mlango. Bloki yake ifunguliwe katika faili tupu, iingizwe katika leya tatu zenye rangi na mistari tofauti, leya hizo zizimwe moja baada ya nyingine, kisha karatasi ichapwe kwa nyeusi na nyeupe na kutolewa kivuli kama itakavyofanywa eneo la ujenzi. Zoezi hilo halizidi robo saa, na maktaba ya ofisi isipokee bloki yoyote ambayo haijalipitia.

Mchora ramani,
Dar es Salaam