Kwenu wagumu wapya, wabeba mizigo wa Mlima Kilimanjaro, geti la Marangu

Wanangu,

Wiki iliyopita nilimsindikiza mjukuu wangu getini, siku yake ya kwanza ya mzigo. Mmoja wenu aliponiona na fimbo yangu akaniuliza, kwa heshima lakini huku akiwakonyeza wenzake: "Babu, shikamoo. Hivi miaka yote ile mlimani, kileleni Uhuru ulifika mara ngapi?" Nikajibu mara nne. Mkacheka. Nami nikacheka, maana miaka 26 kwa mara nne ni hesabu ya kuchekesha kweli. Kisha wakaanza kuita majina, mkakimbilia kwenye mizani, na jibu langu likabaki mdomoni. Ndilo hili.

Mtajua wenyewe mkishapanda mara mbili tatu. Mgumu kazi yake inaishia banda la Kibo, kambi ya mwisho, mita 4,720. Usiku wa manane mgeni na kiongozi wake wanaondoka na tochi kichwani kuelekea mita 5,895, na wewe unabaki bandani unasikiliza upepo. Wakirudi asubuhi wanalia kwa furaha, wanakumbatiana, wanapiga picha. Wewe unawapa chai.

Jambo hilo lilinichoma miaka mingi. Nilikuwa nikishuka, nikiketi kwenye mbege na wenzangu, nawaambia nimefika kileleni. Kila safari nimefika! Nilidanganya hata nikajua kusimulia jua linavyochomoza juu ya Mawenzi, kile kilele cha pili, kabla sijaliona kutoka huko juu. Mtu hudanganya hivyo anapojipima kwa futi ya mwenzake.

Kilichonibadilisha ni maji. Kibo hakuna maji, na mnayapita ya mwisho njiani baada ya kambi ya Horombo. Kila tone la chai, la supu, la kunawa mikono ya mgeni, limepanda kwenye kichwa cha mtu. Safari moja nilipewa dumu la lita 20. Pale kwenye tambarare kati ya Mawenzi na Kibo, upepo ukinipiga usoni, nikageuka nyuma, nikaona niko peke yangu, nikafungua kifuniko nikamwaga karibu nusu. Hakuna aliyeniona. Mpishi alipoinua dumu aliniangalia tu, hakusema neno. Asubuhi wageni waliposhuka, mmoja akitapika na midomo imepasuka, chai haikutosha. Mpishi akachukua kikombe chake mwenyewe akampa yule mgeni, naye akashinda na kiu hadi tulipoyafikia maji wakati wa kushuka.

Angenitukana ningesahau.

Tangu siku hiyo nikajiwekea kipimo changu, na sikumwambia mtu: mzigo ufike wote, ufike mkavu, na mimi nifike siyo mtu wa kubebwa. Basi. Jioni pale Horombo, kabla ya kulala, nilikuwa najiuliza hayo matatu. Kuna siku nilijibu hapana. Nyingi nilijibu ndiyo, nikalala. Uhuru inategemea hali ya hewa, fedha za mgeni, kiongozi kukuchagua umsaidie. Mara zangu nne zote nilipelekwa kwa kuwa kuna msaidizi aliugua. Ule mzigo ulinitegemea mimi, na kesho yake ulinitegemea tena.

Mnajua mwaka 1889 wale Wazungu wawili, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, walifika kileleni, tarehe 6 Oktoba, wa kwanza kuandikwa kwamba wamefika. Majina hayo mawili ndiyo yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Lakini miaka miwili kabla, Meyer alijaribu akashindwa. Safari iliyofaulu aliweka kambi juu mlimani, na watu wakawa wanapanda na chakula kutoka Marangu kila baada ya siku chache, wanashuka, wanapanda tena. Kwa hiyo alipokwama hakulazimika kurudi chini kabisa, alijaribu tena. Mimi huwa nawawaza hao wa chakula. Sidhani kama kuna hata mmoja aliyeona kilele siku ile, ila chakula chao kilimfikisha mtu kileleni.

Sasa msinielewe vibaya. Kuna wakubwa watakaopenda sana barua hii, wawaambie "mafanikio yapo moyoni" halafu wawapunje posho. Hapana. Sheria ya hifadhi ni kilo 20. Mizani ikizidi, semeni imezidi, na msikubali kuibeba ile nyongeza inayofichwa kwenye gari hadi mpite kwenye mizani. Mimi nilikubali sana, na goti langu la kulia ndilo linaloandika barua hii pamoja nami. Pesa ni pesa. Kutaka pikipiki si dhambi. Ninachosema ni kwamba pikipiki inanunuliwa siku moja, na siku zilizobaki 364 utajipimia nini?

Nyingine ni Aprili. Mvua za masika zikishika, wageni hupungua, na kijana anakaa kijiweni wiki sita akisubiri Juni. Juni inafika, pumzi haipo, anaugua mwinuko kama mtu wa pwani. Mlima haujali kwamba wewe ni mzaliwa wa hapa. Mimi Aprili nilikuwa nateka maji mfongoni, kwenye mfereji wetu, kila alfajiri, ndoo kichwani, mvua isiwe mvua. Mke wangu alidhani nimerukwa na akili kwa sababu bomba la jirani lilikuwa karibu zaidi. Na kila nikishuka mlimani nilipanda miche mitatu ya kahawa kihambani, shambani kwangu nyumbani. Mitatu tu, hata nikiwa na homa. Mbuni hukuweka miaka mitatu, minne kabla hujachuma kitu. Mingine ilikauka, mingine mbuzi walikula. Iliyobaki ilisomesha watoto wawili kati ya wanne. Wawili wengine sikuweza, na hilo nalo nalihesabu.

Kijana uliyeniuliza, jina lako sikulishika. Ulivaa kofia nyekundu, na ngata yako uliikunja ukaiweka mbele mno, mzigo ukawa unakuvuta shingo hata kabla hujapita geti. Ukishuka pita kwangu, ni juu kidogo ya kanisa, uliza kwa babu mwenye fimbo. Njoo na hiyo ngata nikuonyeshe inavyokunjwa.

Babu yenu,
Marangu, Moshi Vijijini