Barua kwa somo yangu: sambusa isiyo na manda

Tanga, Jumapili jioni

Kwako somo yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, mama naye hajambo ila magoti, na mvua imenyesha siku tatu mfululizo hadi kuta za uani zimeota ukungu. Ama baada ya salamu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, nisikufiche. Mtu mzima unalia kwa ajili ya kabichi! Mara ya pili sikucheka. Wiki tatu za kabichi la kuchemsha na kuku asiye na ngozi wala ndimu, hiyo ni adhabu, na daktari hakukuhukumu. Alikwambia upunguze uzito ili presha ishuke, basi. Kabichi umejitungia mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza kila dakika kuuliza vipimo, na mimi nitasahau nilifika wapi. Ibandike barua hii jikoni, ikirukiwa na bizari si neno.

Nataka nikuelekeze hoho za kujaza. Najua umeshaguna. Hata mimi niliguna, na nilikuwa na haki, maana za kwanza nilizopika zilikuwa aibu tupu. Nilizichemsha hoho nzimanzima, nikazishindilia wali mkavu na karoti za kuchemsha, nikazirudisha kwenye mvuke. Nilipofunua sufuria zilikuwa zimelala ubavu kama watu waliozimia, na kila moja ina kisima ndani. Baba watoto akala moja kwa adabu, akanawa mkono, akauliza: "Na chakula kinakuja saa ngapi?"

Nilimnunia siku mbili. Nikajiambia tatizo ni kukosa mafuta, chakula cha kupunguza mwili ndivyo kilivyo. Kumbe adui alikuwa maji. Hoho, zaidi ya sehemu tisa katika kumi zake ni maji matupu. Ukiichemsha unamwagia maji kisimani. Na maji yanayochemka hayapiti nyuzi 100, wakati nyama au kitunguu haviwi vya kahawia, vikanukia vile tunavyopenda, mpaka moto ukaribie nyuzi 140 hivi. Ndiyo maana cha kuchemsha hakinukii. Mafuta tunayasifu bure kwa kazi ambayo moto mkavu unaiweza peke yake.

Na hili tulilijua tangu utotoni, ila hatukulitia akilini. Unazikumbuka sambusa za mama za Ramadhani, sisi tunakunja manda mpaka vidole vinakufa ganzi? Nyama yake ilikuwa haitiwi hata tone la mafuta. Inawekwa sufuriani na thomu, tangawizi, chumvi na ndimu, inatoa maji yake, inayanywa tena, inakauka mpaka inaachana chembe chembe. Mafuta yote yalikuwa kwenye karai, ya kukaangia manda. Basi ondoa karai, ondoa manda, weka hoho. Kinachobaki ni ile nyama tuliyokuwa tukiidokoa mama akigeuka.

Sasa sikiliza. Ukienda sokoni, hapo Majengo kwenu Dodoma hazikosekani, chagua hoho sita zenye matako mapana zinazosimama zenyewe. Sisi hapa Mgandini zinatushukia kutoka Lushoto, na nyingi ni za kijani kwa sababu mkulima hangoji. Hoho ya kijani ni ile ile nyekundu iliyochumwa mapema. Nyekundu imekaa mtini mpaka ikaiva, ndiyo maana ina utamu, na ndiyo maana muuzaji anakukazia bei. Mimi hununua nne za kijani na mbili nyekundu. Za kijani zina uchungu kidogo unaopatana na ukwaju. Na lile jambo linalozunguka kwenye simu, kwamba hoho ya vifundo vitatu ni dume na ya vinne ni jike, usimbishie nalo muuza mboga. Hoho ni tunda, zote zina mbegu, hazina dume wala jike. Ya vinne inasimama vizuri, faida yake ni hiyo tu.

Nyama ya kusaga nunua robo kilo, na mwambie wa bucha akusagie steki mbele ya macho yako. Ile iliyosagwa tangu asubuhi ni nusu mafuta, na hapo utakuwa umejihesabia uongo. Robo kilo kwa hoho sita utaona ni kidogo. Haitoshi kweli, na ndipo choroko na biringanya zinapoingia.

Biringanya ndiyo siri yangu, na hii nimeigundua mwenyewe, usimpe mtu sifa. Chukua moja kubwa, itoboe toboe kwa uma, ilaze juu ya makaa au juu ya moto wa gesi, uigeuze mpaka ganda liwe jeusi na ndani ilegee kabisa. Imenye, iache kwenye chujio itoe maji yake machungu, kisha iponde. Inashika moshi. Ukiichanganya na nyama, mlaji anadhani nyama imechomwa, na pia inaipa ulaini ambao vinginevyo ungeutafuta kwenye mafuta. Choroko nazo chemsha upate kikombe kimoja zikishaiva, zisipasuke, uzichuje vizuri. Hizo ndizo zitakazokunyamazisha saa nne usiku, ile saa uliyoniambia unasimama mbele ya friji kama mlinzi.

Bizari nyembamba usinunue iliyosagwa, nakuomba. Ile ya pakiti imekwisha harufu kabla hujafika nyumbani. Nunua nzima, kijiko kimoja na nusu cha chai, na giligilani kiasi hicho hicho, uzikaange kavu kwenye kikaango mpaka jirani akohoe, halafu uzitwange kwenye kinu zikiwa za moto. Kazi ya dakika nne. Ukiruka hatua hii usinipigie simu kulalamika.

Nyama ipike kama ya sambusa, kama nilivyokwambia, lakini ikishakauka usiiepue. Iache igande kidogo chini ya sufuria, iwe ya kahawia, uikwangue kwa mwiko, igande tena. Mara tatu hivi. Hapo ndipo tia nyanya tatu zilizokatwakatwa na kijiko kimoja cha ukwaju mzito, vibandue yale yaliyoshika chini, na uache mpaka mwiko ukipita uone chini ya sufuria pakavu. Wengi wanaepua mapema hapa, kwa pupa. Kisha tia biringanya, choroko, bizari ulizotwanga, pilipili manga, na pilipili mbuzi ukiipenda. Mafuta weka kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na bizari. Usiyaache kabisa: harufu ya viungo inayeyuka kwenye mafuta, na kijiko kile kinaisambaza. Lakini ni kijiko! Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori kama 120, zaidi ya hoho tatu nzima tupu, na wewe nakujua, humimini kwa kijiko, unainamisha kidumu huku unaongea.

Vitunguu maji viwili usivitie mwanzo. Vikatekate vidogo sana, uviingize ukishaepua, pamoja na kotmiri na ndimu moja. Ndivyo mama alivyokuwa akifanya, na mimi nilidhani ni uvivu wa kukaanga vitunguu. Vinaivia ndani ya hoho, vinabaki na utamu na vinalia kidogo menoni.

Chumvi: nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima, na usitie vile vidonge vya mchuzi, maana kilichojaa mle ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo ni kama kijiko cha chai kimoja, na humo umehesabiwa mpaka mkate wa asubuhi. Ndimu na ukwaju vitakufichia upungufu. Ukionja ukaona imepooza, ongeza ndimu kwanza, ungoje, uonje tena.

Hoho zenyewe zikate kifuniko, toa mbegu, usizichemshe. Zipitishe motoni kama biringanya, lakini dakika mbili tatu tu, ngozi ipate mabaka meusi na nyama yake ibaki ngumu. Usimenye. Zipake chumvi chembe kwa ndani, uzifudikize kwenye sinia kwa robo saa. Utashangaa maji yatakayotoka.

Kuhusu kuchemsha, mwanangu wa kidato cha tatu alinisomea kisa kimoja nikakipenda. Bwana mmoja wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, alikuwa akitafuta mahali pa kupatia vitamini C kwa wingi. Mwenyewe alisimulia kwamba jioni moja mkewe alimwekea pilipili tamu mezani, naye hakuwa na hamu nazo, akatafuta namna ya kuzikwepa, akazipeleka maabara. Akazikuta zimejaa kile kile alichokuwa akikitafuta. Mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel. Nilipomsimulia baba watoto akasema, "Unaona? Wanaume tunaokataa hoho tuna akili." Lakini vitamini hiyo huyeyuka kwenye maji na huharibika kwa moto mrefu, kwa hiyo mchemshaji akimwaga maji ya sufuria anamwaga na alichokilipia.

Huna ovena, najua, na huihitaji. Zijaze hoho mpaka juu, ushindilie kidogo, funika na vifuniko vyake. Chini ya sufuria nzito tandaza vipande vya nyanya, zipange zikiwa zimebanana zisianguke, nyunyiza maji vijiko viwili tu, ufunike. Kisha moto juu moto chini, kama mkate wa sinia: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Dakika 25 zinatosha. Ukitumia gesi, moto mdogo kwa dakika 20, halafu ufunue na uache dakika 5 za mwisho zikauke. Zikiwa zimekunjamana mabegani na bado zimesimama, zimeiva.

Nilipiga hesabu kwenye karatasi, nyama, choroko, biringanya na yote: kila hoho inakuja kama kalori 190, tuseme 200 kwa kuwa mkono wako mzito. Mbili ni mlo wa mchana. Juu yake mimi huweka mtindi nilioukamua kwenye kitambaa, umeshikana kama siagi, na thomu iliyopondwa. Usiweke jibini, wala usinidanganye kwamba umeweka "kidogo". Wali ukiutaka uwe nusu kikombe, na usiwe wa nazi. Hapo nakuonea huruma kweli. Mimi wa Tanga kumwambia mtu asile wali wa nazi, babu zangu wanageuka.

Siku usipokuwa na nyama, chukua jodari, mchemshe na ukwaju, umchambue, ufuate njia ile ile. Ila samaki ongeza tangawizi na usimkaushe sana. Kwa Dodoma sijui utampata wa namna gani, bora ubaki na nyama au uzidishe choroko.

Mama nilimpelekea mbili wiki iliyopita, sikumwambia ni za mtu anayepunguza mwili. Alikula ya kwanza kimya. Ya pili akaila nusu, akaniuliza nani kanipa nyama yake ya sambusa. Nikamwambia kuwa ni wewe, somo, uliyenitaka nikupe maelekezo, akasema, "Mwambie asikaushe akiwa na haraka," kisha akamalizia ile nusu.

Nimekufungia kopo la bizari nyembamba nzima, giligilani na ukwaju wa nyumbani, nitalituma kwa basi la Jumatano asubuhi. Utingo nitampa namba yako, uende kituoni mapema maana mzigo wa mara ya mwisho ulilala huko siku mbili. Viungo usiviweke karibu na jiko, vinakufa kwa joto. Na kopo lirudi, somo. Ni lile la mama la bluu, ameshauliza.

Wasalimie watoto na shemeji.

Ni mimi somo yako