Mmetuahidi redio ya dansi, mbona mnatukatia chemko?

Kwa Meneja wa Vipindi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIPINDI CHA DANSI CHA JIONI

Habari zenu hapo studio. Mimi ni fundi cherehani, ofisi yangu ipo Ngamiani hapa Tanga, na redio yenu inawaka hapa kuanzia nafungua mpaka nafunga, toka mlipoanza kurusha matangazo. Nakumbuka gari lenu lilipita mitaani na spika juu, mkasema mmekuja na redio ya muziki wa dansi mwanzo mwisho, mimi nikasimamisha cherehani nikatoka nje kusikiliza maana nilifurahi kwelikweli.

Sasa ndugu meneja miezi hii ya karibuni mnafanya nini? Saa moja nzima ya dansi mnapiga nyimbo mbili tatu za dansi halafu katikati mnajaza hizi hizi za Bongo Fleva zinazopigwa redio zote, nikihama stesheni nazikuta, nikipanda daladala nazikuta, bodaboda akipita nazo hizo hizo. Siyo kwamba nazichukia, wanangu wanazisikiliza na nyingine hata mimi nazipenda, lakini zina pa kupigwa pengi. Dansi hapa mjini pa kuisikia palibaki kwenu.

Na hiyo dansi yenyewe mnaikata, hilo ndilo limenifanya niandike. Alhamisi iliyopita alikuja mzee mmoja nimtengenezee kanzu, akakaa kwenye benchi na kahawa yake, mkapiga wimbo wa bendi ya Atomic Jazz. Mzee akaweka kikombe chini, vidole vikaanza kugonga meza, taratibu, anafuata besi. Waimbaji wakamaliza, solo likaingia, rizimu likabadilika, chemko, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ndo linaanza sasa, pale pale mkakata! Promo, halafu wimbo ambao siku hiyo nilishausikia mara tatu. Mkono wa mzee ukabaki juu ya meza. Akaniuliza, "Fundi, umeme umekatika?" Nikamwambia hapana mzee, wamekata wimbo. Kahawa hakuimaliza.

Jamani wimbo wa dansi una sehemu mbili, kwanza mnaimbiwa, mnasikiliza maneno, baadaye waimbaji wanawaachia magitaa na hapo ndipo watu wanainuka kucheza. Santuri zile ndogo mara nyingi wimbo mrefu uligawanywa, upande wa kwanza kuimba, ukigeuza ndo unapata chemko. Ukimkatia mtu kabla ya chemko ni kama umempikia pilau ukampa harufu. Wimbo wa dakika saba unataka dakika saba, kama ratiba haitoshi pigeni nyimbo chache lakini zifike mwisho.

Halafu hapa ni Tanga! Bendi ya Jamhuri Jazz ni ya hapa, Atomic ni ya hapa, kwenye taarabu kulikuwa na Black Star na Lucky Star, mwimbaji Bi Shakila alianzia huku huku. Wale ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walianzia Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha, 1971 wakavuka kwenda Kenya wakaunda bendi ya Simba Wanyika, Afrika Mashariki nzima ikacheza. Kijana wa Chumbageni anazijua nyimbo zao na hajui kama ni watu wa kwao, kwa sababu mtangazaji wenu anasema tu "zilipendwa hiyo" anapita. Bendi haitaji, mpiga solo hamtaji, mwaka hautaji.

Najua mtaniambia biashara, matangazo yanafuata nyimbo za vijana. Mdogo wangu ni baharia, aliwahi kunihadithia habari ya Kiss FM ya London, ilianza 1985 bila leseni kwa ajili ya watu wa muziki wa klabu, 1990 ikapata leseni, na kadri miaka ilivyokwenda ikasogea kwenye pop. Kwa hiyo najua hamko peke yenu. Ila sisi mafundi, wenye maduka, wauza kahawa, wazee wa bandarini, sisi pia tunanunua sabuni na vocha, na sisi hatuhamishi stesheni kila wimbo ukiisha. Mkifanana na redio nyingine zote mtu atawachagua nyie kwa lipi?

Ninachoomba ni kidogo. Ile saa ya jioni iwe dansi tupu, wimbo uachwe mpaka chemko liishe, mtangazaji asiongee juu ya solo (kijana ana sauti nzuri sina ugomvi naye), na ataje bendi na wanamuziki. Kama hamna nyimbo za kutosha semeni hewani, hapa Tanga kuna watu wana kanda na santuri ndani, mimi mwenyewe nina boksi la kanda nitawaletea mrekodi bure.

Mnijibu, hata hewani inatosha. Kanzu ya mzee itakuwa tayari Jumatano na nimemwambia aje jioni saa ya kipindi.

Wenu msikilizaji,
Fundi wa Ngamiani, Tanga